UZI: Je, Warusi wanaunga mkono vita? Historia ya kupima nyoyo kwa kusoma maneno ya watu

1/ Wasee, uzi wa leo ni mrefu kidogo. Chukua chai. Kila vita vya Ukraine vikitajwa huku mtandaoni, mjadala hufuata njia moja. Mmoja anarusha grafu: "Warusi saba kati ya kumi wanaunga mkono jeshi lao, hao wote ni wamoja." Mwingine anajibu na picha za skrini za Warusi wakilalamika: "Wananchi wamechoka, shida ni serikali tu." Baada ya hapo ni matusi mpaka usiku wa manane.

2/ Leo sitaamua nani kati yao yuko sahihi. Nauliza kitu cha kabla ya hapo: kila mmoja wao anajuaje? Tunawezaje kujua moyoni mwa watu wa nchi iliyo vitani, ambako neno moja linaweza kukupeleka jela? Kama kawaida ya huu uzi, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia hoja.

3/ Tuanze 1914. Urusi ya tsar inaingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Mamilioni ya askari wako mbali na nyumbani, na kila mmoja ana mama, mke au ndugu wa kuandikia. Jeshi likaweka ofisi za kukagua barua. Mwanzoni kazi ilikuwa kufuta siri: kikosi kiko wapi, kinaelekea wapi. Lakini wakubwa wakagundua wameshika hazina. Wanaweza kujua askari anafikiria nini bila kumuuliza.

4/ Wakaanza kuzipanga barua katika mafungu. Hizi zina ari ya kupigana. Hizi zimevunjika moyo. Hizi hazijali, ni salamu na habari za nyumbani tu. Wanahesabu, wanatoa asilimia, ripoti inapanda juu. Mwanafunzi wa kompyuta wa leo akiona hiyo atacheka, kwa sababu ndiyo kazi anayofundisha programu yake: chanya, hasi, katikati. Mafungu ni yale yale matatu, na yana zaidi ya miaka mia moja.

5/ Shida pia ni ile ile. Askari hakuwa mjinga. Alijua barua yake inafunguliwa njiani. Kwa hivyo barua ya posta inaandikwa "niko salama, Mungu atatusaidia tushinde", na maneno ya moyoni anapewa mwenzake anayeenda likizo ayafikishe kwa mkono. Mapema 1917 askari waliokuwa mji mkuu, Petrograd, walikataa kuwapiga risasi waandamanaji na wakajiunga nao. Ndani ya siku chache utawala wa tsar ulikuwa umeisha. Asilimia za barua hazikuuokoa.

6/ Songa mbele hadi Vita vya Pili. Askari wa Kisovyeti walikuwa hawana bahasha za kutosha, kwa hivyo karatasi ilikunjwa umbo la pembetatu na kutumwa hivyo, bila gundi. Familia nyingi za Urusi bado zinazihifadhi hizo pembetatu. Juu yake kuna muhuri: imekaguliwa na jeshi. Yaani hata anayefungua barua akiwa mama yako, anajua kuna mtu mwingine aliyeisoma kabla yake.

7/ Na hiyo haikuwa mchezo. Februari 1945, vita vikiwa karibu kuisha, kapteni mmoja wa mizinga alikamatwa akiwa mstari wa mbele. Kosa lake lilikuwa barua kwa rafiki, ambamo alimkosoa mkuu wa nchi kwa jina la utani. Alipewa miaka minane. Kapteni huyo ni Aleksandr Solzhenitsyn, ambaye baadaye alishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Sasa fikiria askari wa kawaida aliyesikia habari za aina hiyo. Barua yake inayofuata utaiweka fungu gani? "Ari ya kupigana", bila shaka.

8/ Usidhani ni Warusi peke yao. Babu zetu wa KAR waliopelekwa Burma waliandika barua nyumbani, nyingi kwa Kiswahili, na maafisa wa Kiingereza walizisoma na kuandika ripoti kuhusu hali ya askari. Kwa hivyo kusoma maneno ya watu ili kupima mioyo yao kuhusu vita hakukuanzia chuo kikuu. Kulianzia kwa mkaguzi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

9/ Kura ya maoni nayo? Mei 1960, gazeti la vijana Komsomolskaya Pravda, kupitia mwanasosholojia Boris Grushin, lilichapisha kura ya maoni ya kwanza ya aina yake katika Umoja wa Kisovyeti. Swali lilikuwa kuhusu vita: je, binadamu wataweza kuvizuia? Waliulizwa watu 1,000. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 96.8.

10/ Tazama hiyo nambari vizuri. Labda watu waliamini kweli, maana kila nyumba ilikuwa imezika mtu na hakuna aliyetaka vita vingine. Labda pia walijua jibu ambalo gazeti la umoja wa vijana wa chama lilitaka kusikia. Pengine yote mawili kwa mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Nambari yenyewe haiwezi kukuambia. Nambari haina sauti ya kutetemeka.

11/ Baadaye mambo yalifunguka. Mwaka 1987 kikaundwa kituo cha taifa cha kura za maoni, VTsIOM. Mwaka 2003 serikali ilipokaza mkono kwenye bodi yake, mwanasosholojia Yuri Levada na wenzake wakatoka na kuanzisha chao, Kituo cha Levada. Mwaka 2016 Levada kikapachikwa jina rasmi la "wakala wa kigeni". Hata hivyo kikaendelea kuuliza watu. Hii ndiyo asili ya ile grafu ya "saba kati ya kumi": tangu 2022 Levada kimekuta mara nyingi zaidi ya asilimia 70 wakisema wanaunga mkono jeshi.

12/ Wakati huo watu walikuwa wamehamia mtandaoni. VKontakte, ambayo ni kama Facebook ya Warusi, ilianza 2006. Odnoklassniki mwaka huo huo. Telegram 2013. Ghafla watafiti wakawa na kitu ambacho mkaguzi wa 1914 hakuwahi kuota: mamilioni ya watu wakijiandikia wenyewe, bila kuulizwa, kuhusu mapenzi, kazi, bei na siasa. Wengi wakaona dawa ya uoga wa kura za maoni imepatikana. Usimuulize mtu. Msome tu.

13/ Inafanywaje? Unachukua maelfu ya machapisho, unawapa binadamu wayasome na kuyaweka alama: chanya, hasi, katikati. Kompyuta inajifunza kutokana na hizo alama, halafu inajiwekea yenyewe kwenye mamilioni mengine. Mwaka 2018 ilitoka RuSentiment, mkusanyiko wa machapisho zaidi ya 31,000 ya VKontakte. Waliouandaa walilazimika kuongeza fungu zima la salamu, shukrani na pongezi. Kwa nini? Kwa sababu "heri ya siku ya kuzaliwa!" ina maneno matamu lakini haikuambii kama aliyeandika ana furaha. Ni adabu tu.

14/ Hapo kuna somo kubwa. Katika nchi iliyo vitani, "utukufu kwa mashujaa wetu" inaweza kuwa imani ya kweli. Inaweza pia kuwa adabu, kama vile wewe unavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa hata siku ambayo umekasirikia serikali. Na kuna wanaoandika kwa mshahara: mjini St. Petersburg kulikuwa na ofisi nzima ya watu waliolipwa kuendesha akaunti feki na kumwaga maoni. Kompyuta huhesabu machapisho. Haijui ni ya watu wangapi.

15/ Sasa 2022. Februari 24 jeshi la Urusi linavamia Ukraine kwa upande wa kaskazini, mashariki na kusini. Msimamizi wa vyombo vya habari anaamuru visitumie neno "vita" wala "uvamizi". Jina rasmi ni "operesheni maalum ya kijeshi". Machi 4 inatiwa saini sheria: ukisambaza kinachoitwa habari za uongo kuhusu jeshi, kifungo kinaweza kufika miaka 15. "Kulidunisha jeshi" ni faini kwanza, ukirudia ni kesi ya jinai. Mwezi huo huo Facebook, Twitter na Instagram zinafungiwa.

16/ Watu wakaanza kuandika kwa mafumbo. Kwa Kirusi "hapana kwa vita" ni maneno mawili, la herufi tatu na la herufi tano. Kwa hivyo wakachora nyota tatu, nafasi, nyota tano. Kila Mrusi alielewa, na polisi pia. Wengine waliinua karatasi nyeupe isiyo na neno hata moja, na bado wakakamatwa. Sasa niambie, hiyo karatasi nyeupe kompyuta yako itaiweka fungu gani?

17/ Kuna kesi moja ya mji wa Tyumen ambayo lazima nikusimulie. Mwanamke aliandika mtaani "hapana kwa v", nyota tatu, na herufi ya mwisho. Mahakamani akasema hakumaanisha voyna, yaani vita. Alimaanisha vobla, aina ya samaki anayekaushwa kwa chumvi, ambaye yeye hampendi kabisa. Oktoba 2022 hakimu akaifuta kesi! Watu walicheka nchi nzima, na samaki akawa ishara mtandaoni. Polisi hawakucheka, wakakata rufaa. Lakini ona kilichotokea: kwa muda huo, aliyetaka kuupinga ule uvamizi alichapisha picha ya samaki.

18/ Mfano mwingine. Vyombo vya serikali vilikuwa na mazoea ya kutosema "mlipuko". Walisema khlopok, yaani kishindo kidogo, kama kofi. Neno hilo hilo, ukibadilisha mkazo, ni pamba. Waukraine wakaligeuza mzaha. Kila ghala la silaha la Urusi likilipuka, wanaandika kwa lugha yao bavovna, "pamba". Programu iliyofundishwa machapisho ya 2018 itaona watu wanafurahia kilimo.

19/ Sasa hatua inayowaangusha wengi: kukusanya. Ukitaka machapisho kuhusu vita, unatafuta neno gani? Ukitafuta "vita", utapata majasiri na walio nje ya Urusi. Ukitafuta "operesheni maalum", utapata lugha ya serikali. Watafiti waliokusanya VoynaSlov (maana yake ni "vita vya maneno"), zaidi ya machapisho milioni 38 kutoka Twitter na VKontakte yanayohusu vyombo vya habari vya Urusi, walikutana na mgawanyiko huo huo. Neno unalochagua kutafutia linakuwa limeshachagua jibu.

20/ Halafu, Kirusi si Urusi. Kirusi kinazungumzwa Kazakhstan, Belarus, Latvia, Israel, Ujerumani, na Ukraine kwenyewe. Ni kama mtu achukue kila chapisho la Kiswahili aliite "maoni ya Wakenya", huku nusu yake limetoka Dar, Goma au Bujumbura. Na kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa zaidi ya twiti milioni 4 kutoka Ukraine, za watu zaidi ya 62,000, ulionyesha kwamba vita vilipoanza wengi waliacha kuandika Kirusi wakahamia Kiukraine.

21/ Elewa maana yake. Walewale ambao mabomu yaliwaangukia, wenye hasira kuliko wote, waliihama lugha. Wakihama, bakuli la machapisho ya Kirusi linabaki na hasira pungufu. Grafu inapanda, inaonekana kama watu "wamezoea" vita. Kumbe hakuna aliyebadilisha moyo. Waliotoka chumbani ndio waliobadilisha hesabu.

22/ Kosa lingine, na hili linatokea hata kwenye mijadala yetu: kuchanganya hisia na msimamo. Septemba 2022 jeshi la Urusi lilitimuliwa kutoka sehemu kubwa ya mkoa wa Kharkiv. Chaneli za Telegram zinazoshabikia vita zikajaa hasira na matusi kwa majenerali. Kompyuta inasema: hasi, hasi, hasi. Mtu wa haraka anaandika kichwa cha habari: "Warusi waanza kuvikataa vita." Wapi! Hao walikuwa wanadai vita vikali zaidi. Shabiki anayemtukana kocha hajahama timu.

23/ Je, kuna njia ya kupenya uoga? Kuna majaribio mazuri. Mwaka 2022 watafiti wawili walitumia mbinu ya orodha. Kundi la kwanza unalipa orodha ya mambo ya kawaida na unauliza: unaunga mkono mangapi? Taja idadi tu, usiseme yapi. Kundi la pili unalipa orodha ile ile ukiongeza jambo moja: vita. Tofauti ya wastani wa makundi mawili inakuonyesha ni wangapi wanaunga mkono vita, na hakuna mtu hata mmoja aliyejifichua.

24/ Walipouliza moja kwa moja, walioonyesha kuunga mkono walikuwa asilimia 68. Kwa orodha, asilimia 53. Soma nambari zote mbili, usichukue inayokufurahisha. Pengo la 15 linasema kuna watu wanaoficha, na si wachache. Lakini 53 nayo inasema uungaji mkono haukuwa uoga mtupu. Wale wawili wa kugombana niliowataja mwanzo, kila mmoja ana kipande cha ukweli, na kila mmoja amekataa kuona kipande cha mwenzake.

25/ Njia ya pili ni kuuliza kando. FOM, kampuni ya kura za maoni iliyo karibu na serikali, kila wiki huuliza: watu wanaokuzunguka, jamaa, marafiki, wenzako wa kazini, wametulia au wana wasiwasi? Hilo ni swali salama, maana huongei juu yako. Septemba 21, 2022 ikatangazwa kwamba raia 300,000 wa akiba wataitwa jeshini. Waliosema wanaona wasiwasi walitoka takriban asilimia 35 hadi karibu 70 ndani ya siku chache. Mipakani na Georgia na Kazakhstan foleni za magari zikawa za kilomita nyingi.

26/ Hapo ndipo ukweli huonekana zaidi: kwenye mabadiliko ya ghafla na kwenye miguu ya watu. Asilimia moja iliyosimama peke yake haisemi mengi. Lakini kipimo kile kile, kwa watu wale wale, kikiruka mara mbili ndani ya wiki, kuna kitu kimegusa nyama. Waliosema "tunaunga mkono" wakati vita viko kwenye TV walipata wasiwasi vilipobisha hodi mlangoni. Sisemi ni unafiki. Ni binadamu.

27/ Nilisema tutamrudia mkaguzi. Mtafiti anayekusanya machapisho ya Warusi leo anafanya kazi ya yule afisa wa 1914, hata kama nia yake ni njema. Akinukuu chapisho neno kwa neno kwenye makala yake, mtu yeyote anaweza kulitafuta na kumpata mwandishi, ambaye pengine ni mwalimu wa kijijini mwenye wafuasi 40. Kuna watu waliofungwa kwa chapisho la VKontakte. Utafiti wa heshima huficha majina, hubadilisha maneno na hutoa jumla. Grafu yako isimgharimu mtu miaka yake.

28/ Na sisi? Hatuko kwenye vita hivyo, lakini tabia tunayo. Hashtagi ikitrendi asubuhi, ikifika jioni kuna mtu kwenye jukwaa anasema "wananchi wameongea", ilhali sote tunajua kuna hashtagi za kununuliwa. Na mtaa ukinyamaza, kuna mtu mwingine anasema "wananchi wameridhika". Kwa hivyo ukiletewa nambari ya "maoni ya watu", uliza: walioongea wangelipa nini kama wangesema kinyume? Ni watu au akaunti? Nani ametoka chumbani? Hasira hii ni ya kukataa jambo, au ya kutaka lizidishwe?

29/ Mimi bado nasoma hizi nambari, na sitaacha. Bila hizo tungebaki na propaganda za pande zote mbili. Lakini nimejifunza kuzisoma kama mama aliyepokea ile pembetatu yenye muhuri. Anafurahi kwamba mwanawe yuko hai. Anasoma kila neno. Halafu anakaa kimya, anajiuliza ni yapi ambayo hakuweza kuandika.

30/ Mwisho wa uzi. Kama una swali au unapinga, weka hapo chini, tuongee bila matusi. Na ukiona mtu anarusha ile grafu ya "saba kati ya kumi" kesho, usimtukane. Mtumie huu uzi.